Aliyeibiwa Hatajwi

Nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza niliitwa ofisini kwa mhadhiri wangu, nikaoneshwa kazi mbili zilizolazwa sambamba juu ya meza yake. Moja ilikuwa na jina langu, nyingine ilikuwa na jina la mwanafunzi wa darasa letu ambaye tulijuana kwa salamu tu, na kuanzia aya ya pili hadi ukurasa wa mwisho maneno yalikuwa yale yale. Mhadhiri hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba kazi ya mwenzangu ilimfikia siku mbili kabla ya yangu, kwamba katika hali kama hiyo aliyekuja nyuma ndiye anayetakiwa kujieleza kwanza, na kwamba nilikuwa na nafasi ya kukiri kabla suala halijapelekwa kwenye kamati ya nidhamu.

Wiki mbili kabla ya hapo flashi yangu ilikuwa imeibwa maktabani. Niliiacha ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta, nikaenda kuchukua kurasa nne nilizokuwa nimetuma kwenye printa iliyokuwa upande wa pili wa chumba, na niliporudi nilikuta kompyuta imezimwa na tundu liko wazi. Sikuripoti, kwa sababu sijawahi kumwona mtu akiripoti wizi wa flashi. Nilikuwa na nakala ya zamani kidogo kwenye barua pepe, nikakaa usiku tatu nikaimalizia upya, na nikajiona nimepona.

Kilichoniokoa ofisini ni tabia yangu mbaya ya kuandika. Ninapokwama huwa sisimami. Huweka mabano, naandika ndani yake "hapa bado", kisha naendelea mbele. Mhadhiri alipokuwa akifungua kurasa za mwenzangu mbele yangu, macho yangu yaliangukia katikati ya ukurasa wa sita: "mkataba huo ulisainiwa mwaka (hapa bado, tafuta mwaka) na pande zote mbili." Katika kazi yangu, mahali hapo hapo, mwaka ulikuwa umeshajazwa. Mwenzangu alikuwa amebadilisha jalada, aina ya herufi, na vichwa vya sehemu, lakini kazi yenyewe hakuwa ameisoma. Mhadhiri aliisoma sentensi ile mara mbili kwa sauti, akavua miwani, akaniambia niende darasani.

Kamati ilikaa mwezi mmoja baadaye. Mwenzangu alisema alipewa kazi ile na rafiki ambaye hakumtaja, akapewa sifuri kwa kosa la udanganyifu, na jambo likaishia hapo. Nilipouliza kuhusu flashi, nilijibiwa kwa heshima kwamba wizi wa mali hauko chini ya kamati ile na kwamba niende kwa walinzi. Walinzi waliniuliza thamani yake, nikaitaja, wakanitazama kama mtu aliyekuja kulalamika kwamba amepoteza kifuniko cha kalamu. Kwa hiyo tendo ambalo kwangu lilikuwa moja liligawanywa katika majalada mawili, moja likafungwa kwa sifuri, la pili halikufunguliwa kamwe.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwa upande wa pili wa meza, nikisahihisha na kusimamia mitihani, na kila nikilirudia naona kwamba lugha yetu ilikwisha kulitolea hukumu. Katika kumbi nilizopita, mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani husemwa kwamba anaibia. Kikaratasi anachokificha kwenye soksi wengine hukiita nondo, wengine mwakenya, lakini kitendo chenyewe ni kuibia. Hata kwa lugha rasmi, kuchukua maandishi ya mwingine na kuyafanya yako huitwa wizi wa kitaaluma, na sijasikia mtu akilalamika kwamba neno wizi ni kali mno.

Kinachonisumbua ni sarufi yake. Kuibia ni kitenzi cha kuiba kikiwa katika kauli ya kutendea, na kauli hiyo kwa kawaida hudai mtendewa: nimemwibia fulani, wameniibia, tumewaibia. Lakini mwanafunzi anapotoka ukumbini akacheka na kusema "leo nimeibia maswali mawili", mtendewa hayumo ndani ya sentensi, na wanaomsikiliza hawaulizi aliyeibiwa ni nani. Kitenzi kimebaki na tundu mahali pa mtu. Mimi naamini kwamba udanganyifu wote wa chuoni, na sehemu kubwa ya wizi wa vitu, huishi ndani ya tundu hilo.

Uangalie wizi wenyewe kwanza. Mara nyingi mlango hauvunjwi wala dirisha halikatwi. Chaja imeachwa ukutani kwenye chumba cha kujisomea, simu imewekwa juu ya kitabu ili kushika nafasi, kompyuta mpakato imeachwa wazi kwa muda wa kwenda msalani, na mwenye kuichukua ana kitambulisho kama cha mwenye mali, amepita geti lile lile, na akiulizwa anaweza kusema kwamba alidhani ni ya rafiki yake. Mlinzi amewekwa getini kuwazuia watu wa nje, ilhali mwizi yuko ndani na ana haki zote za kuwa ndani. Ndiyo maana ushauri wenye manufaa ni mdogo na hauna mvuto wowote: namba ya kompyuta yako iandikwe mahali pengine kabla haijapotea, kwenye simu bonyeza *#06#, uzinakili tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwa kuwa bila hizo kampuni ya simu haina cha kufungia, na kazi yako ihifadhiwe mahali pawili ambapo mwizi mmoja hawezi kupafikia kwa mkono mmoja. Simu iliyofungiwa bado inaweza kuuzwa vipande vipande, hilo nalijua, lakini angalau haitaendelea kupokea salamu za mama yako ikiwa mkononi mwa mtu mwingine.

Kuna kifaa kimoja ambacho kwangu kinaonesha vizuri jinsi majalada yale mawili yasivyotenganika, nacho ni kikokotoo. Niliwahi kusimamia mtihani wa takwimu ambao mtahiniwa mmoja, msichana mtulivu wa mstari wa nyuma, aliingia ukumbini akitetemeka dakika tano kabla ya kuanza. Mabegi yote yalitakiwa kubaki nje, naye alikuwa ameweka kikokotoo chake juu ya begi wakati akitafuta kitambulisho, alipogeuka hakikuwepo. Nilimpeleka mtu idarani akatafute cha kuazima. Wakati tukingoja nilitembea kati ya safu nikiangalia meza za watahiniwa, na juu ya kila meza palikuwa na kikokotoo kilekile, cha rangi ile ile, kwa sababu idara ilikuwa imeelekeza aina moja tu. Kimojawapo, nilikuwa na hakika, kilikuwa cha yule binti. Vidole vilikuwa vikibonyeza, karatasi zikijaa majibu, na sikuwa na namna yoyote ya kujua ni kipi. Cha kuazima kilifika baada ya dakika ishirini na tano, ambazo kanuni haikuruhusu afidiwe. Jioni, nilipokaa kujaza ripoti ya usimamizi, nilikuta sehemu ya udanganyifu na sehemu ya matukio mengine, nikakaa muda mrefu nikijiuliza niandike wapi.

Vivyo hivyo kwa ukurasa uliochanwa. Yeyote aliyesoma kwenye maktaba yenye nakala mbili za kitabu na wanafunzi mia mbili wanaokihitaji anajua hisia ya kufika kwenye sura uliyoagizwa na kukuta ukingo wa karatasi uliokatwa kwa wembe, umenyooka kama rula. Zamani watu walilijua tatizo hili kiasi kwamba maktaba za Ulaya za zama za kati zilivifunga vitabu kwa minyororo kwenye rafu, na ile ya kanisa kuu la Hereford nchini Uingereza bado ina minyororo yake mpaka leo. Maktaba ya Bodleian ya Oxford, iliyofunguliwa mwaka 1602, huwataka wasomaji waahidi kwamba hawatatoa kitabu nje, hawatakitia alama wala kukiharibu, na hawatawasha moto ndani. Mnyororo humzuia anayetaka kitabu kizima. Hauwezi kumzuia anayetaka kurasa kumi na mbili, na aliyezikata huwa ameiba mali ya chuo, huku pia akijihakikishia kwamba wengine wataingia kwenye mtihani bila kuisoma sura ile. Ukimuuliza atasema aliziazima.

Lile tundu la mtendewa lilipata kujaribiwa. Katika chuo cha MIT nchini Marekani mtafiti mmoja aliweka kwa siri soda sitasita katika baadhi ya friji za pamoja za mabweni, na katika friji nyingine akaweka sahani yenye noti sita za dola moja. Soda zote zilitoweka ndani ya siku tatu. Noti hazikuguswa. Soda ni kitu kilichosahauliwa na mtu, noti ni za mtu, ingawa thamani haikupishana sana. Nalitaja jaribio hilo kwa tahadhari, kwa sababu mtafiti huyo huyo alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala ya mwaka 2012 kuhusu namna ya kuwafanya watu wawe wakweli, makala ambayo jarida liliifuta mwaka 2021 baada ya kubainika kwamba sehemu ya takwimu zake ilikuwa imeghushiwa. Yeye amekana kwamba ndiye aliyezighushi. Utafiti wa uaminifu wenye takwimu za kughushi! Ningebuni kisa hicho mwenyewe, msomaji angeniambia nimezidisha chumvi.

Wanaodhani kwamba kuibia ni ugonjwa wa kizazi cha simu wanapaswa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1964 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 5,000 katika vyuo 99 vya Marekani, na angalau nusu yao walikiri kuwa walipata kufanya aina fulani ya udanganyifu wa kitaaluma. Nchini China, ambako mitihani ya kuingia katika utumishi wa dola iliendelea kwa takriban miaka 1,300 hadi ilipofutwa mwaka 1905, watahiniwa walipekuliwa mwilini kabla ya kuingia kwenye vyumba vyao vidogo, na katika enzi fulani majibu yao yalinakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asiutambue mwandiko wa mtu anayemjua. Hata hivyo walikuwepo waliovaa nguo za ndani zilizoandikwa maandiko ya kale kwa herufi ndogo kama mchele. Njia tunayoitumia sisi, ya kuongeza wasimamizi na kukaza upekuzi, imekuwa ikikazwa kwa karne nyingi.

Chuo kikuu cha Virginia, pia Marekani, kilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 1842 wanafunzi wake wana utaratibu wa kiapo cha heshima, ambao leo unataja makosa matatu bila kuyatenganisha: kusema uongo, kudanganya, na kuiba. Kwa miaka mingi aliyepatikana na hatia alikuwa na adhabu moja tu, kufukuzwa. Nilipousoma utaratibu huo mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu, maana ndivyo nilivyotaka kamati yangu ifanye: ilione tendo zima. Baadaye furaha ilipungua. Mwaka 2001 mhadhiri mmoja wa fizikia wa chuo hicho, baada ya mwanafunzi kumlalamikia kwamba wenzao wanapata alama nzuri kwa kazi za zamani, aliandika programu ndogo ya kutafuta mfululizo wa maneno sita au zaidi unaofanana kati ya kazi alizokuwa nazo, na wanafunzi zaidi ya 100 wakajikuta wakituhumiwa kwa mpigo. Mwaka 2022 wanafunzi wenyewe walipiga kura kuiondoa adhabu ya kufukuzwa na kuweka badala yake kusimama masomo kwa mihula miwili. Nadhani walikuwa sahihi. Adhabu ikiwa kubwa kupita kiasi, mashahidi hunyamaza, na wahadhiri huamua kulimaliza jambo ofisini kwa kutikisa kichwa.

Lakini ninachokipenda katika kisa kile cha fizikia ni yule mwanafunzi aliyelalamika, kwa sababu yeye ni mtendewa aliyejitokeza kulijaza tundu kwa jina lake. Kwa kawaida huwa hatumwoni, nasi wahadhiri tunasaidia kumficha tunapowaambia wanafunzi kwamba "unajidanganya mwenyewe". Nimelisema neno hilo mara nyingi na ninalijutia, kwa kuwa si kweli. Aliyeibia akapata alama ya juu hajidanganyi hata kidogo. Amepata nafasi ya ufadhili ambayo ilikuwa ya mwenzake aliyekaa usiku kucha, na mwenzake ana jina, ana namba ya usajili, na yuko kwenye foleni ile ile ya matokeo.

Tundu linakuwa kubwa zaidi kazi inaponunuliwa. Hapo aliyeandika amelipwa na hana malalamiko, aliyenunua ameridhika, na msahihishaji anasoma maandishi safi ambayo programu za kulinganisha maneno haziwezi kuyagundua, kwani hayajawahi kuandikwa kwingine. Australia ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuwaadhibu wanaouza kazi za namna hiyo, na Uingereza ikaifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai nchini England mwaka 2022. Sheria zote mbili zimemlenga muuzaji zaidi ya mnunuzi, jambo ninaloliona kuwa la busara kwa nusu tu. Nitaongeza hapa, hata kama baadhi ya wenzangu hawatapenda, kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kutazama. Mhadhiri anayechukua data za tasnifu ya mwanafunzi wake na kuzichapisha kwa jina lake peke yake ameibia kwa namna ya wazi kuliko yule wa nondo kwenye soksi, na sijawahi kumwona akiitwa kwenye kamati yoyote.

Sasa zimekuja programu zinazoandika zenyewe. Tangu ChatGPT ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022 nimesikia wanafunzi wakiuliza kwa dhati kabisa, "Lakini nimemwibia nani, ikiwa aliyeandika ni mashine?" Ni swali zuri kuliko majibu mengi ninayoyasikia, na jibu langu ni lile la foleni ya matokeo. Lakini kuna hatari nyingine inayonigusa kwa karibu zaidi. Vyuo vingi vilikimbilia programu za kugundua maandishi ya mashine, ilhali kampuni iliyotengeneza ChatGPT yenyewe iliiondoa programu yake ya ugunduzi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Na mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walionesha kwamba programu kadhaa za aina hiyo zilikuwa zikizihukumu zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza kuwa zimeandikwa na mashine. Mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, na programu huuona unyofu huo kama ushahidi. Yuko mwanafunzi, hivi sasa, aliyeketi mbele ya meza ya mhadhiri akiambiwa kwamba kazi aliyoiandika kwa mkono wake si yake, naye hana "hapa bado" ya kumwokoa.

Kwa sababu hiyo nimebadilisha namna ninavyofanya kazi. Siku hizi nawaambia wanafunzi wasinipe kazi safi peke yake. Wanipe na rasimu zake, pamoja na mabano, mistari iliyofutwa, na maswali waliyojiuliza pembeni, na kisha naketi na kila mmoja dakika kumi tunazungumza kuhusu aya moja ninayoichagua mimi. Inachosha. Darasa la watu mia mbili haliwezekani kabisa kwa njia hiyo, nami sijui wenye madarasa kama hayo wafanye nini zaidi ya kudai wasaidizi. Lakini katika dakika hizo kumi aliyeandika huanza kubishana nami, huku aliyenunua akikubali kila ninachosema.

Mwenzangu wa flashi tulimaliza pamoja. Siku ya kuchukua vyeti majina yetu yalikuwa karibu kwenye orodha, hivyo tulipanga foleni mmoja nyuma ya mwingine mbele ya dirisha la msajili, tukiwa bado tumevaa majoho, na hatukuwa tumesemeshana tangu kikao kile. Alipofika dirishani alijipapasa mifukoni, akageuka, akaniuliza kama nina kalamu ya kusainia daftari. Nilimpa. Akasaini taratibu, kwa mwandiko mzuri ambao sikuwahi kuuona kabla, akaifunga kalamu kifuniko chake, akanirudishia.